Mwaka wa Kuchanganya Udongo

Kwenye mazishi ya Felista kule Usinge, wasifu wake ulisomwa na kijana wa ofisini kwake aliyekuja na wenzake kutoka Dar es Salaam. Alisoma vizuri, kwa sauti iliyotulia, na watu walimsikiliza. Felista alizaliwa hapa, akasoma shule ya msingi hapa, akamalizia sekondari Kaliua, kisha akajiunga na kampuni ambako alijifunza kutengeneza michoro ya kompyuta na kuwa hodari wa kazi hiyo. Katikati, kati ya sekondari na kampuni, hapakuwa na kitu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wa kijiji, nyuma kidogo, nikajikuta nangoja ausome mwaka ule kama mgonjwa anavyongoja jina lake liitwe dirishani. Akaupita. Akaingia kwenye kazi alizofanya, watoto aliowaacha, jumuiya aliyosali nayo. Wenzake wa ofisini walikuwa wamevaa fulana nyeupe zenye picha yake kifuani, wote sare, na walilia wameshikana mabega karibu kabisa na jeneza. Mimi nilivaa gauni langu la kila siku na mtandio. Nitasema ukweli, kwa sababu sioni faida ya kuandika uongo kuhusu mtu aliyekwishazikwa: kilichonijia kwanza hakikuwa uchungu. Kilikuwa wivu. Niliwaonea wivu wale watu kwa fulana zao. Niliwaonea wivu kwamba wanaruhusiwa kumlilia kwa sauti, na kwamba katika maisha ya Felista yaliyosomwa mbele ya padri, mimi sikuwemo.

Mwanamke aliyekaa kando yangu aliniuliza kwa upole, "Na wewe dada, ni nani wake?" Nikamjibu kwamba tulikaa chumba kimoja Tabora, tulipokuwa wasichana. "Ah," akasema. "Basi pole sana." Nikamwambia nimeshapoa. Akanisogezea sehemu ya mkeka iliyokuwa kivulini. Mwaka huo uliorukwa ndio ninaouandika hapa. Habari za wazazi wangu na za wazazi wa Felista siziandiki, hazina kosa lolote, ila hazihusiki. Kusoma sikusoma sana, niliishia kidato cha nne na cheti changu hakikuwa cha kuonyesha wageni. Lakini mwaka ule naukumbuka kuliko miaka yote niliyoishi baadaye, na mara nyingi nimejiuliza kama ni kwa sababu niliupenda au kwa sababu uliniuma.

Chumba chetu kilikuwa Mtendeni, nyumbani kwa Bi Mwamvita, nyumba ndefu ya kizamani yenye ukumbi katikati na vyumba huku na huku. Kilikuwa na kitanda kimoja cha mbao, godoro lililobonyea upande wa ukutani, dirisha la nondo lililotazama uani, na ndoo mbili za maji, ya kwake ya bluu na ya kwangu ya njano. Felista alishuka kwenye treni ya kutoka Kigoma akiwa na begi la shule, kiroba cha michembe, yaani vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, na chupa ya asali iliyofungwa kitambaa mdomoni. Bi Mwamvita hakuwa anamjua hata kidogo, lakini jioni ileile alishamkalisha jikoni kwake. Mimi nilikuwa mpangaji wake wa zamani na jikoni sikuitwa ila kuondoa sufuria yangu. Felista aliichemsha ile michembe ikawa matobolwa, akatwanga karanga, tukala watatu kwenye sinia moja. "Huyu anajua kukaa na watu," alisema Bi Mwamvita, akimtazama kwa macho ambayo sikuwahi kuyaona. Kisha akanigeukia. "Na wewe Dija, mbona unakula kama mtu aliyekodi mdomo?" Felista akacheka, tena bila ubaya. Alikuwa na kicheko ambacho kilianza kabla ya cha wengine na kuisha baada ya cha wengine. Nilianza kumwonea wivu kwa kicheko kile kabla hata hatujawasha kompyuta.

Darasa letu la kompyuta lilikuwa juu ya duka la mafundi cherehani, hatua chache kutoka sokoni. Mwenye duka alikuwa kaka yake Mwalimu Seif, na Mwalimu Seif ndiye aliyetufundisha. Alikuwa mtu wa Tabora wa siku nyingi, aliyefanya kazi ya programu za kompyuta Dar es Salaam na kurudi nyumbani kumwangalia mama yake. Chumba kilikuwa kidogo, bati juu, mbao chini, na ikifika mchana joto lilitufanya tuloweshe leso na kuziweka shingoni. Kupitia nyufa za mbao tulisikia kila kitu cha mafundi: cherehani, pasi ya mkaa ikitua mezani, na maneno yao. Siku moja fundi mmoja aliuliza, "Hivi wale wasichana wa juu wanasomea nini?" Mwenzake akajibu, "Kutengeneza udongo." "Udongo?" "Udongo wa kwenye kompyuta." "Kwani huu wa Tabora umeisha?" "Umeisha, uliobaki uko kwenye viatu vyako. Futa kabla hujakanyaga kanzu ya mtu." Mwalimu Seif alicheka mpaka akavua miwani. Alisema hajawahi kusikia mtu akiieleza kazi yetu kwa usahihi kama yule fundi.

Ilikuwa kweli. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa inatengeneza mchezo wa simu kwa ajili ya wanafunzi, ambamo mtoto angetembea njia ya zamani ya misafara kutoka Tabora hadi Ujiji, aone nchi ilivyo, apumzike kwenye vijiji, avuke mito. Walikuwa na watu wa kuchora nyumba na wanyama. Walichokosa ni ardhi. Ardhi yao ilikuwa kama zulia, na walimwomba Mwalimu Seif awatafutie mtu anayeijua njia yenyewe, awatengenezee kipande kimoja cha majaribio kinachotoka Tabora. Aliyetengeneza kipande kitakachowaridhisha angechukuliwa kazini. Nafasi ilikuwa moja. Mwalimu alituambia wazi siku ya kwanza, mimi na Felista tukiwa tumekaa kwenye benchi moja, na nakumbuka Felista alinibana mkono kwa furaha, kana kwamba tumeambiwa nafasi ziko mbili.

Nitaeleza kazi yenyewe kwa namna nilivyoielewa. Ardhi kwenye kompyuta ni umbo tupu lenye mabonde na vilima, halina rangi. Unalivika picha, na picha hiyo ya kuvika ndiyo inaitwa tekscha. Ukilivika picha moja ya udongo, ukairudia kama vigae, unapata uwanja mwekundu usio na maisha. Njia ya kweli si kitu kimoja: katikati ni udongo uliokanyagwa, pembeni mchanga, halafu majani makavu, halafu miti. Kwa hiyo unavika picha kadhaa kwa pamoja, na unaandika kijiprogramu kifupi, tulikiita sheda, kinachoiambia mashine kwa kila nukta ya kioo: hapa weka udongo mwingi na majani kidogo, hapa majani matupu. Kiasi cha kila kimoja kinatoka kwenye picha nyingine ambayo mchezaji haioni kamwe, ramani ya mchanganyiko. Pale ulipoipaka nyekundu panatokea udongo, ulipopaka kijani majani, ulipopaka bluu mchanga. Na yote hayo mashine inayafanya upya kila mara unaposogeza kidole, haraka kuliko kupepesa jicho. Mara ya kwanza Mwalimu alipotuonyesha, nilijisikia kama mtu anayeitwa kwa jina. Sikuwahi kuwa na jambo langu kabla ya hapo. Nikasema moyoni, hili ni langu. Nilipogeuka, uso wa Felista ulikuwa umewaka vilevile, na nikahisi kama mtu amenywa maji kwenye kikombe changu.

Mimi ndiye niliyefanya kazi sana. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli na kwa sababu halikunisaidia. Felista alikuja darasani amechelewa, amebeba maandazi, ameshasalimiana na mafundi wote wa chini mmoja mmoja, shikamoo hii na marahaba ile. Mimi nilikuwa nimefika zamani. Siku za kuchanganya picha mbili kwa mara ya kwanza nilikwama vibaya. Niliandika kila kitu kama tulivyofundishwa, nikapakia picha ya udongo na picha ya majani, nikaandika zichanganywe nusu kwa nusu, na kwenye kioo ukatoka udongo mtupu. Nikaongeza majani, udongo. Nikaondoa udongo kabisa nikabakiza majani, udongo. Nilirudia hivyo siku baada ya siku, nikila kwa kusahau, hadi Felista alipoinama juu ya bega langu akimenya karanga. "Dija, zote mbili zinasoma sifuri," alisema. Kila picha inakaa kwenye nafasi yake ndani ya mashine, yenye namba, na namba zinaanzia sifuri. Usipoiambia sheda kwamba picha ya pili iko nafasi namba moja, inakwenda kusoma palepale sifuri. Nilikuwa nachanganya udongo na udongo. Nilirekebisha mstari mmoja, majani yakaota. "Ahsante," nikamwambia. Yeye alishaenda kumpa Mwalimu karanga.

Haikuwa kwamba hakosei. Tulipofika kwenye picha tatu, wote tulifanya kosa lilelile la kujumlisha vipimo bila kuvirudisha kwenye kimoja kizima, udongo wote na majani yote na mchanga wote kwa mpigo, na njia yetu ikaungua ikawa nyeupe kama chokaa. Mimi niliona aibu nikazima kioo. Yeye alimwita Mwalimu aje aone. "Mwalimu, nimewasha jua kwa karibu," alisema, na wakacheka wote wawili huku Mwalimu akimwonyesha namna ya kugawanya. Alijifunza mbele za watu. Mimi nilijifunza kwa kujificha, na kujificha kunachelewesha. Naliona hilo leo. Wakati ule niliona tu kwamba Mwalimu anasimama zaidi upande wake wa benchi kuliko wangu.

Na alikuwa na jicho. Kwao Usinge walilima tumbaku, na tangu utotoni alikuwa amekaa bandani akichambua majani yaliyokauka, kuyapanga kwa rangi, rangi ambazo mimi niliziita zote kahawia. Yeye aliona kahawia ya asali, ya chai kavu, ya ngozi ya ndizi iliyoiva sana, ya chungu kipya, na aliweza kuniambia ipi ikae jirani na ipi ili zisigombane. Usiku akilala upande wa ukutani pale palipobonyea, alilala mara moja, kama mtu aliyezimwa. Mimi nilikaa macho nikisikiliza pumzi yake na nikijiambia kwamba hata usingizi kapewa yeye.

Siku tuliyokwenda kupiga picha za ardhi, Mwalimu alituazima kamera yake na tukatembea kuelekea Kwihara, njia ya zamani, asubuhi kabla jua halijawa kali. Kila mmoja apige picha za kwake, alisema, kila mmoja atengeneze kipande chake. Felista alitembea kama mtu aliyepoteza hereni, akichuchumaa hapa, akisimama pale, akipiga picha ya vitu vilivyonichefua: mavi ya mbuzi, majani yaliyooza, alama ya tairi ya baiskeli kwenye vumbi. Mimi nilitafuta mahali pazuri. Nilikuta nyumba moja kando ya njia, mwenyewe bibi mmoja mwenye adabu, nikaomba kupiga picha uwanja wake. Na kabla ya kupiga, nikamwomba ufagio. Sikufikiria hata kidogo. Mgeni anakuja, unafagia. Unapiga picha, unafagia. Nikainama nikafagia uwanja ule vizuri, kuanzia mlangoni hadi njiani, kwa mistari ile ya upinde inayofuatana kama magamba, jinsi nilivyofundishwa na kila mwanamke aliyewahi kunifundisha kitu. Bibi aliniambia nimefagia vizuri kuliko wajukuu zake. Nikapiga picha, nikarudi nimeridhika.

Nilipoivika ile picha kwenye njia yangu, ikirudiwa kama vigae, mistari ya ufagio ilionekana kuanzia miguuni pa mtazamaji hadi kwenye upeo wa macho. Upinde juu ya upinde, kupanda kilima na kushuka, bila kukosea. Mwalimu Seif aliitazama kwa muda. "Hadija," akasema taratibu, "nani kaifagia hii njia mpaka Ujiji?" Akawaita mafundi wa chini wapande waone. Wakapanda, nyuzi zikiwaning'inia shingoni. "Huyu mwanamke anafaa kuolewa," mmoja akasema. "Na nani? Atakufagia na wewe." Walicheka, na Felista akacheka, na kicheko chake kikaisha mwisho kama kawaida. Ninaweza kuchekea jambo lile sasa. Siku ile niliteremka ngazi nikakaa nyuma ya duka, kwenye marundo ya vipande vya vitambaa, nikasikiliza wanavyoendelea kucheka juu yangu.

Siku chache baadaye, tukiwa uani kwa Bi Mwamvita, tunakula ugali na migebuka iliyokuja na treni, Felista akasema huku akitoa miiba, "Dija, ule uwanja wako uliofagiwa, unautumia?" Nikamwambia utumike wapi, umekuwa kichekesho. "Basi nipe mimi." Bi Mwamvita alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Mwenzio anakuomba uwanja," akasema. "Mimi nimeombwa chumvi, nimeombwa kisu, uwanja sijawahi." Ningesema hapana, Felista asingekasirika, alikuwa hivyo. Nilimpa kwa sababu kumnyima kungeonyesha kilichokuwa ndani yangu, na nilikuwa najivunia sana kukificha.

Kipande chake nilikiona siku ileile walipokiona wageni. Kampuni ilimtuma mama mmoja mtu mzima, mpole, aliyevaa miwani ya kamba, na kijana wa kumbebea mashine. Walianza na changu. Nilikuwa nimeondoa uwanja uliofagiwa, nikaweka udongo mwingine, nikauchanganya na majani na mchanga kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Mama yule alitembea humo ndani kwa kidole, akasema, "Safi. Imetulia." Nilijua maana ya maneno hayo. Kisha wakafungua cha Felista. Pale udongo wake ulipokutana na majani, haukufifia kama moshi, kama wangu. Udongo uliingia kwanza kwenye vibonde vidogo kati ya mashina, majani yakabaki yamesimama, yakipungua moja moja, mpaka mtazamaji akawa amefika njiani bila kujua alivuka wapi. Alikuwa ameifanya sheda iangalie ni picha ipi iko juu na ipi iko chini kwenye kila nukta, ya chini izame kwanza. Hatukufundishwa hilo. Na mbele ya kila nyumba, pale tu, kwenye duara dogo linalofifia kuelekea njiani, palikuwa na uwanja wangu uliofagiwa. Mistari ya ufagio ilianzia mlangoni na kupotea chini ya nyayo za wapita njia. Mama yule alisimama hapo kwa muda mrefu. "Hapa ndipo ninaamini kuna watu," alisema. "Nani kapiga picha hii?" Felista akasema bila kusita, "Hadija." Mama akanigeukia, akasema hongera, na alikuwa anamaanisha. Kisha akamgeukia Felista, akavuta kiti karibu naye, akaweka kidole pale udongo unapokutana na majani. "Na huu ukingo," akauliza, "umeufanyaje?"

Sikuwahi kutamani kitu maishani kama nilivyotamani swali lile. Si kazi, ingawa kazi niliitaka. Si Dar es Salaam. Nilitaka mtu anayejua avute kiti, aweke kidole kwenye kitu nilichokifanya, aniulize nimekifanyaje kwa sababu yeye mwenyewe hawezi. Hongera nimepewa nyingi. Walizungumza karibu nusu ya mchana, wawili wale, na mimi niliwachemshia chai.

Felista ndiye aliyechukuliwa kazini, akaondoka na treni mwishoni mwa kiangazi. Tulimsindikiza stesheni, mimi na Bi Mwamvita, aliyemfungia sambusa kwenye kitambaa na kumpa mawaidha ya kutosha watu watatu. "Usiolewe na mtu wa kwanza," alimwambia. "Na wa pili?" Felista akauliza. "Huyo niletee nimwone." Kisha Felista akanikumbatia, akanong'ona, "Nikikaa vizuri nitakuita." Nikasema sawa. Ningependa kuandika kwamba nililia treni ilipoondoka. Nilirudi chumbani nikalala upande wake wa godoro, nikasikia nafasi, na nikalala vizuri mara ya kwanza tangu alipokuja. Kwa wiki kadhaa niliishi kwa nafuu hiyo. Halafu ikaanza kuniganda. Nilikuwa nikitengeneza kitu, nageuka kulia, benchi tupu. Mwalimu alikuwa mwema lakini macho yake yalishaondoka na ile treni. Mafundi waliuliza, "Yule mcheshi hajapiga simu?" Sikujua mpaka wakati huo kwamba nilikuwa nafanya kazi kwa ajili ya yule aliyekuwa anainama juu ya bega langu akimenya karanga.

Mvua za kwanza zilinikuta kwenye ngazi za darasa. Nilisimama nikitazama uchochoro unavyolowa, na nikaona kitu ambacho nilikiona miaka yote bila kukiona: udongo haulowi kwa pamoja. Kwanza unakoza rangi, doa kwa doa. Kisha vibonde vinameza. Kabla maji hayajasimama, kunakuwa na mkanda mweusi kuzunguka mahali yatakaposimama, na ndani ya mkanda huo udongo unang'aa kidogo bila kuwa maji bado. Nilipanda juu nikaanza. Nilichukua njia ya Felista ya juu na chini, kwa sababu hakuna njia nyingine iliyo bora na nilikuwa nimeisoma programu yake mstari kwa mstari hadi nikaijua kama sala. Nikaongeza juu yake picha ya udongo mbichi, na ramani nyingine ya unyevu, na nikaifanya sheda iamue hatua tatu badala ya moja: kukoza, kung'aa, kufunikwa. Ilinichukua karibu msimu wote wa mvua. Mara ngapi njia yangu ilikuwa kama imemwagiwa mafuta ya taa, sitaki kukumbuka. Lakini asubuhi moja niliburuta kidole na mvua ikaingia kwenye njia ya Kwihara kama inavyoingia, na nilikaa pale mikono imelala mapajani.

Nilimwita Mwalimu Seif. Alitazama, akaenda mbele, akarudi, akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati. Uso wake ulijaa furaha ya kweli. "Hadija," akasema, "sasa unaanza kufanana na Felista." Alinipa kitu kikubwa kuliko vyote alivyokuwa navyo, na nilishukuru kwa adabu, shukrani nzima, nikashuka ngazi, nikapita katikati ya mafundi, nikatembea hadi Mtendeni bila kumjibu mtu salamu. Bi Mwamvita aliniona ukumbini. "Nani kafa?" akauliza. Nikamwambia hakuna, nimesifiwa. Alinitazama, akaniambia niingie jikoni nikae. Akanimiminia chai, akanisogezea sukari.

Nilituma ile kazi kwa Felista. Nimejiuliza sana kwa nini kwake, na si kwa yule mama wa kampuni. Jibu ni kwamba wengine wangeona mvua. Yeye peke yake, katika watu wote niliowajua duniani, angeona pale palipokuwa pagumu. Faili ilichukua mchana mzima kwenda, kwa mtandao wa siku hizo. Siku mbili zikapita bila neno. Ya tatu simu ikalia nikiwa naanua nguo uani. Hakusalimia kwa kirefu, yeye aliyekuwa anasalimia hadi paka. Nyuma yake nilisikia watu wa ofisini wakiongea, kisha mlango ukafungwa.

"Dija."

"Abee."

"Nimeitazama tangu juzi. Pale kabla maji hayajasimama. Ule mkanda. Umeufanyaje?"

Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Nilimwambia nimeichukua njia yake, nikaongeza. Akasema anajua ni njia yake, ameiona, haulizi hiyo. Anauliza mkanda. Nikaanza kumweleza, naye hakunikatiza hata mara moja, na kadiri nilivyoeleza, kimya cha upande wa pili kikawa kizito, kimya ambacho nilikuwa nimekaa ndani yake mwaka mzima na nilikijua kila kona. Sikuamini kwamba kinatoka kwake. Nilipomaliza, akavuta pumzi.

"Nimejaribu siku mbili sikuweza," akasema. "Nina wivu, Dija. Usicheke."

"Sicheki."

"Nina wivu mpaka nimeshindwa kula."

"Kale," nikamwambia. "Halafu jaribu tena, nitakuwepo."

Aliniita Dar es Salaam baadaye, kama alivyoahidi, zaidi ya mara moja. Sikwenda. Bi Mwamvita aliishiwa nguvu na mimi nilikuwa nimeshaingia jikoni kwake, na siwezi kuapa kwamba hiyo ndiyo sababu yote. Lakini tulitumiana kazi miaka yote hiyo, yeye kutoka ofisini kwake, mimi kutoka kachumba kangu cha kuchapisha kadi za harusi na kutengeneza vijimchezo kwa anayetaka. Hatukusifiana. Tuliulizana. Kila aliponizidi nilikosa usingizi, na naamini kila nilipomzidi alikosa yeye, ingawa alikuwa mtu wa kulala.

Baada ya mazishi nilirudi Tabora na treni ya jioni. Kulikuwa na kazi mezani, shule moja inataka mchezo wenye bwawa na matete kwa ajili ya watoto. Nimeimaliza wiki iliyopita. Pale matete yanapoingia majini nimefanya kitu ambacho sijawahi kukiona popote, na nilipokifanya mkono wangu ulishaenda kwenye simu. Mwalimu wa ile shule alikuja kuitazama, akatembeza kidole kwenye bwawa lote, akasema pamependeza sana, akanishukuru, akaondoka. Hakuuliza.